Mdalasini wa Mjomba Desideri

Mimi mdalasini siununui. Wageni wangu wanakunywa chai ya tangawizi tupu, na wakiuliza kulikoni nawaambia mdalasini unanipandisha presha. Uongo mtupu, presha yangu haijawahi kupanda hata siku ya harusi yangu, na siku ile bwana harusi alichelewa saa tatu. Ukweli ni kwamba harufu ile ikinifikia, hata iwe ya jirani wa nne na upepo unavuma kwenda Dodoma, narudi kuwa na miaka kumi na sita, nimesimama katikati ya supamaketi nimevaa aproni ya kijani iliyonifika vifundoni, na nyuma ya mlango wa ofisi watu wazima wananijadili.

Ngoja niwasimulie, maana ninyi si wageni.

Tulikuwa tunaishi Kihonda. Baba yangu, mtu wa Shinyanga, alikuja Morogoro kufanya kazi kiwandani, akaoa Mluguru, ambaye ndiye mama yangu, na hakurudi tena kwao. Kiwandani alikuwa karani wa ghala. Nilipokuwa kidato cha tatu kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa, akabaki nyumbani akitengeneza redio za majirani ambazo nyingi zilikuwa zimeshakufa siku nyingi. Kazi iliondoka lakini kalamu ilibaki: kila asubuhi aliichomeka ile kalamu ya bluu kwenye mfuko wa shati, hata siku ambazo hakuwa na cha kuandika.

Mama alinieleza mambo waziwazi. Bila kuingiza chochote, Januari nisingerudi shuleni kuanza kidato cha nne. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye kioo cha supamaketi moja mjini, kwamba wanatafuta vijana wa kusaidia Jumamosi, Jumapili mchana na siku za likizo, nilisimama pale nikalisoma mara mia mbili, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeliandika mimi.

Barua ya maombi niliiandika mara nane. Nilijieleza kuwa ni msichana wa Kitanzania mwenye akili timamu, mchapakazi, mcha Mungu na mwenye uzoefu mkubwa, ingawa uzoefu wangu wote ulikuwa kuuza karanga za mama uani kwetu. Nilimaliza kwa "ndimi mtiifu katika ujenzi wa taifa," nikaona taifa zima linanisubiri.

Pamoja na barua kulikuwa na fomu. Mstari wa mwisho wa ile fomu uliandikwa: jina la baba au mlezi atakayemdhamini mwombaji. Mstari mmoja tu. Na siku niliyoijaza ndiyo siku Mjomba Desideri, kaka mkubwa wa mama, alikuwa ameshuka kutoka milimani kuja kututembelea.

Lazima niwaeleze huyu mtu. Mjomba alikuwa na shamba la viungo huko juu ya Mkuyuni: mdalasini, karafuu, pilipili manga. Alikuwa na koti moja la kijivu lenye mabega mapana kiasi kwamba mlangoni kwetu alipita kwa ubavu. Akifika, kiti cha baba kilikuwa chake, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Posa ni yeye, msiba ni yeye, shamba ni yeye. Baba anaheshimiwa sana, anapikiwa, anaamkiwa, lakini neno la mwisho si lake. Baba yangu alilikuta hilo, akalivumilia kama mtu anavyoizoea mvua ya mji aliohamia.

Nilimwomba baba kalamu. Aliichomoa mfukoni. Fomu ilikuwa mezani mbele yangu, yeye amekaa upande wa pili kwenye kigoda, na nikaona macho yake yanausoma ule mstari wa mwisho hivyohivyo, ingawa kwa upande wake karatasi ilikuwa kichwa chini.

"Andika jina langu hapo," Mjomba alisema akiwa kwenye kile kiti. "Huyu ni mtoto wetu sisi. Na hata hivyo, wakiuliza baba anafanya kazi wapi, tutasema redio?"

Alicheka. Mama aliinamia chungu. Baba akanipa kalamu.

"Andika vizuri," alisema. "Usikatekate."

Nikaandika Desideri, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Kazi niliipata. Kwenye usaili meneja, mama mmoja mwembamba tuliyemwita Madam Josefa, aliniuliza mteja akinitukana nitafanyaje. Nikamjibu nitamwamkia. Akatazama dari muda mrefu, halafu akaniambia nianze Jumamosi.

Nawaambia, yale maisha yalikuwa ya kifalme. Ndani mlikuwa na ubaridi wa milimani, sakafu inanukia sabuni ya limau, mkate unatoka jikoni saa nne, na kule mbele mashine ya kaunta inalia tii, tii, tii kama kifaranga kilichoshiba. Mimi nilipewa shelfu ya viungo. Kazi yangu ilikuwa kupanga pakiti, kufuta vumbi, kuangalia tarehe zisipitwe, na vya zamani kuviweka mbele. Nilizipanga pakiti zile zikanyooka kuliko gwaride la sherehe za Uhuru. Madam Josefa alipita akapitisha kidole, hakupata vumbi, akaguna. Kwake yeye mguno ulikuwa medali.

Jumamosi ya tano Mjomba akaja kuniona. Aliingia na koti lake, akawaamkia watu wote kwa pamoja kama yuko kanisani, mlinzi akamfungulia mlango akidhani ni mkaguzi. Akaja moja kwa moja kwenye shelfu yangu.

Sasa, mtu wa viungo hanunui wala hasifii kitu ambacho hajakiuma. Gulioni Mkuyuni muuzaji mwenyewe ndiye anakunyooshea kiganja: onja. Ukikataa kuonja umemtukana, umesema bidhaa yake umeshaidharau kwa macho. Mjomba alichukua pakiti ya pilipili manga, akaipasua pembe kwa magego, maana meno ya mbele yalikuwa machache, akatia punje mbili mdomoni. Akatafuna. Akatemea kiganjani.

"Mbegu za papai," alisema. "Mpwa wangu, mnawauzia watu mbegu za papai."

Akafuata karafuu, akapasua, akauma, akasema hizi zimeshakamuliwa mafuta, zimebaki vijiti. Akafuata mdalasini, akauvunja, akasema hilo ni gome la kuni. Na jamani, alikuwa sahihi kwa yote matatu. Hakuna aliyezaliwa Matombo mpaka Mgeta anayemshinda kwa hilo. Mimi nilijua kabisa kwamba supamaketi haionjwi. Lakini nani amwambie mjomba wake "acha", mbele ya watu? Na nikubali dhambi nyingine: niliona fahari. Nilicheka naye. Alizikunja zile pembe vizuri, akazirudisha pakiti nyuma ya nyingine, na mimi kwa mkono wangu nikazisukuma nyuma zaidi. Nilipanga kumweleza Madam jioni. Jioni ikafika na woga wake, nikaahirisha.

Kufikia Jumamosi iliyofuata pakiti tatu zilikuwa zimelala juu ya meza ya Madam Josefa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba binti anayekula kwenye shelfu yake hawezi kukabidhiwa shelfu nyingine, na kwamba ameshampigia mdhamini wangu simu, yuko njiani.

Mnajua nilifanya nini? Nilipumua. Hata sikujitetea. Nikaona, kwa nini mimi mtoto nimtaje mjomba wangu kwa mgeni, wakati anakuja mwenyewe na sauti yake na mabega yake? Atasema, ni mimi, niliionja, na viungo vyako ni vibovu. Madam atatikisika. Nilikaa ofisini nikiwa na raha kama bibi arusi.

Mjomba alikuja koti limepigwa pasi, akakaa na mfuko mdogo wa kaki mapajani. Madam Josefa akamsogezea zile pakiti, akamweleza. Mjomba akazitazama. Alama za meno yake zilikuwa zinaonekana mpaka kwa kipofu. Akanitazama mimi, halafu akautazama ule mfuko wa kaki.

"Madam," alisema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "haya mimi siyajui. Mtoto huyu analelewa na baba yake, huko Kihonda. Sisi wa milimani tunaandikwa majina tu. Ni mtoto wa baba yake huyu."

Nilimtazama mdomo. Nilisubiri acheke, kama anavyocheka akimtania mama. Hakucheka. Alikuwa ameniuma na kunitema kiganjani, jamani, kama zile mbegu za papai. Kisha akasema ana jambo jingine dogo, kama Madam ana nafasi, nami nikaambiwa nitoke.

Nilikwenda kukaa nje penye vitoroli. Sikulia, machozi yenyewe yaliona aibu kutoka. Pale ndipo baba akanikuta. Mama, aliyesikia habari ya simu kwa kaka yake, alikuwa amemwambia, akaendesha baiskeli tangu Kihonda, shati limemganda mgongoni.

"Ulikula?"

"Hapana, baba."

"Nani?"

Nikatazama chini. Baba akatazama ndani kupitia kioo, mpaka ofisini, akaliona lile koti. Akaingia, nami nikamfuata mpaka mlangoni pa ofisi.

Alisema yeye ni baba yake Veneranda. Madam Josefa akafungua faili, akapitisha kidole kwenye fomu yangu, akasema jina lake halimo.

"Najua halimo," baba alisema. "Nilikuwepo linaandikwa."

Akachukua pakiti moja, akaigeuza, akaiangalia ile pembe iliyoumwa. Mjomba aliitazama feni kana kwamba ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

"Nilifungua mimi," baba alisema. "Jumamosi iliyopita nilikuja kumwangalia mtoto. Nikataka kuonja."

Madam Josefa akamwita mlinzi, akamwuliza kama alimwona mtu huyu wiki iliyopita. Mlinzi, ambaye mwenyewe alimfungulia koti mlango, alimtazama baba, akamtazama Mjomba, akakohoa, akasema Jumamosi watu ni wengi. Basi Madam akaamua: mimi nibaki, ila huyu mzee asikanyage tena ndani ya duka lile. Akaandika hivyo kwenye karatasi. Baba akachomoa kalamu yake akasaini.

Na Mjomba, akiwa amekaa, akasema, "Siku nyingine uulize kwanza, shemeji."

Baba akaitikia, "Sawa, shemeji." Akatoka.

Wiki tatu baadaye nilifungua boksi jipya nipange shelfu. Mdalasini. Mdalasini wa kweli, mwembamba, mtamu puani, wa Mkuyuni. Sikuhitaji kuuliza umetoka shamba la nani. Sasa nilijua mle kwenye mfuko wa kaki mlikuwa na nini. Niliupanga, pakiti kwa pakiti, ukanyooka kama gwaride. Ulinuka kwenye vidole vyangu mpaka Jumatatu darasani. Na kila Jumamosi jioni nilipotoka, baba alikuwa ng'ambo ya barabara, kando ya fundi viatu, ameegemea baiskeli ananisubiri. Hata mvua ikinyesha hakuvuka kuja kujikinga kwenye baraza ya duka.

Kidato cha nne nilikimaliza. Matokeo yangu, mngeyaona, mngedhani ni trei ya mayai. Miaka mingi nilimlaumu Mjomba kwa hayo pia, na kwa ugumu wa maisha, na kwa kila kitu ambacho hakikuninyookea. Tukikutana misibani nilimpa shikamoo nusu, ile inayoishia kooni. Mpaka leo sijamsamehe vizuri, sitawadanganya.

Lakini nilipofikisha miaka ishirini na nane, nina watoto wawili na kibanda cha sabuni Msamvu, nilikwenda kujiandikisha madarasa ya jioni, yale yaliyokuja kunipa cheti ambacho leo kimening'inia sebuleni kwangu kikubwa kuliko dirisha. Wakanipa fomu. Mtu mzima, mama wa watoto, bado mstari ule ulikuwepo: jina la baba au mlezi. Kalamu ikagoma mkononi. Nikakumbuka maneno ya Mjomba, kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu, na kwamba maneno hayo ndiyo niliyoyaona usaliti mkubwa kuliko wote duniani. Yalikuwa kweli tupu. Aliyesema kinyume chake, kwa maandishi, kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu ya kuazima, huku baba yake mwenyewe amekaa upande wa pili wa meza, alikuwa mimi. Mjomba alikuja wa pili.

Nilijaza ile fomu, lakini sikuirudisha siku ileile. Nilipanda nayo mpaka Kihonda. Baba alikuwa na redio imefunguka tumbo mapajani. Nikaiweka mezani, nikaizungusha kwanza, ili safari hii imwelekee yeye. Akafuta mikono, akaisoma polepole mpaka mstari wa mwisho, akakaa pale kidogo.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hujakatakata."