Chupa ya Chumvi Kutoka Runyenjes

Nilitoka nyumbani Mitunguu kwa ajili ya Ciarunji. Tuliimba kwaya moja tukiwa wasichana, kisha akaolewa Embu. Alinipigia simu: "Njoo Runyenjes. Kanisani kwetu kuna mwalimu anafundisha wazee sayansi ya nafaka. Mtihani hakuna, na chai iko." Mimi shule niliiacha mapema, lakini mahindi nilikuwa nimeshayatia maguniani. Gunia moja nililiahidi kanisa letu lipikwe githeri, mahindi na maharagwe, Jumapili, siku ya mavuno. Basi nikaenda.

Alhamisi asubuhi nilipitia Nkubu. Kufika Chuka, mvua. Nikaanza kuwaza: Kendi, mke wa mwanangu, amefunga stoo? Hata chai haikunyweka.

Runyenjes, jioni, Ciarunji alinipokea langoni. "Umekonda!"

"Wewe umenona kwa niaba yangu."

Ijumaa, kanisani, Mwalimu Njeru alituuliza, "Mnajuaje mahindi yamekauka?"

"Kwa meno!" tukasema sote. "Punje ikilia kaa, imekauka."

Akanigeukia, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Na wewe cucu, una meno mangapi?"

Ciarunji akanijibia: "Matatu, na moja linatikisika!"

Watu wakacheka, mimi pia. Halafu kicheko kikanikwama. Kumbe ile kaa niliyosikia nikipima mahindi ilikuwa jino langu!

Mwalimu akachukua chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akaitikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikaganda kwenye kioo. "Haya bado yana maji," akasema. "Yakikaa guniani yataota ukungu, na ukungu una sumu."

Nikasimama. "Nikiyachemsha kutoka asubuhi mpaka jioni?"

"Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha, cucu."

Sikukaa tena. Nilimpigia Kendi, simu yake imezimwa. Nikapiga tena, vilevile.

"Keti basi," Ciarunji akasema, "hata chai hujamaliza."

"Nikae, na kanisa zima lile sumu yangu?"

Akanifungia chumvi kwenye chupa, nikaondoka. Njia nzima sikutulia. Kila mara gari liliposimama kuchukua abiria, mimi nilikuwa nimeshauliza, "Tunangoja nini?"

Mitunguu nilifika giza linaingia. Kendi akashangaa. "Mama, si ulisema Jumatatu? Gunia wamama walishalibeba."

Sikuingia hata nyumbani. Jikoni kwa kanisa nikamkuta Mama Mwenda, mkubwa wa wapishi, anaosha sufuria. Gunia lilikuwa bado limefungwa. Nikachota mahindi, nikatia chupani, nikatikisa.

"Unacheza kayamba?" akaniuliza.

"Ngoja uone."

Chumvi ikashika kioo pande zote.

"Lakini mahindi ni mazuri," akasema. "Tena ni yako! Watu tutawapa nini?"

"Mwaga yote chini kwanza."

Tukamwaga. Yaliyokuwa juu yalikuwa meupe safi. Ya chini kabisa yalikuwa yameshikana, yana rangi ya kijani, yananuka. Mama Mwenda akarudi nyuma, akafunika pua kwa leso. Mimi nikasema, "Huku Mitunguu tutakosa ndizi?"

Jumapili watu walikula ndizi na maharagwe, na hakuna aliyelalamika. Gunia lile tulilifukia. Mahindi yaliyobaki stoo niliyaanika upya juani, juu ya turubai, nikiyapima kila jioni mpaka chumvi ikazunguka bila kushika kioo.

Sasa chupa iko dirishani kwangu, na majirani huja na mahindi yao kwenye leso. Kila anapokuja mmoja, Kendi hunitania: "Mama, na jino linasemaje?"

Nikitikisa kichwa, linalia kaa. Nalo naliacha liseme, mradi silisikilizi tena.