Akaunti ya Marehemu Mjomba

Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye shamba la ndizi na watoto wawili, kutoka mbio kwenda kukaa chooni kila simu ikilia si jambo la kawaida. Ndivyo alivyokuwa Sufiani wa Matombo wiki ile. Mkewe Yasmin alidhani ni tumbo, akamchemshia mchaichai. Tumbo wapi! Hofu yake ilikuwa na siku na saa: Jumamosi, saa nne asubuhi, mgeni angefika.

Ili umwelewe, nivumilie kidogo nikueleze habari za mjomba wake.

Mjomba Abdulatif alifanya kazi ya ufundi wa kompyuta chuoni Mazimbu mpaka akastaafu, akapanda zake Matombo na kompyuta mbili na paneli ya sola. Watu walimcheka, eti mzee mzima anaongea na kioo. Wasichojua ni kwamba alikuwa mmoja wa watu mia kadhaa, waliotawanyika dunia nzima, wanaotengeneza kwa kujitolea mfumo endeshi wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuusoma na kuurekebisha. Sehemu yake ilikuwa programu ndogo ya kuzifanya printa za zamani zikubali kuchapa. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye kila aina ya kompyuta nyumbani kwake, watu hao walikuwa na seva za pamoja, mashine kubwa zilizoko mbali huko, kila mmoja anaingia na akaunti yake na ufunguo wake wa siri, anajaribu kazi yake, anatoka. Ni kisima cha kijiji tu: kila mtu anateka, na mmoja akitia uchafu wanaugua wote.

Sufiani, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekaa ubavuni mwa mzee miaka sita akijifunza. Halafu presha ikampiga mzee kwenye mteremko wa shamba, na hakufika hospitali.

Sasa sikiliza. Kwetu Uluguru ukoo unakwenda kwa mama, na mtu mzima hafi akapotea na jina lake. Siku ya arobaini wazee walikaa, wakanong'onezana, wakamwita Sufiani mbele za watu. Wakamvisha kanzu ya marehemu, wakamkabidhi jembe lake na kompyuta zake, wakamwambia kuanzia leo wewe ni Abdulatif. Si mchezo huo. Mama yake mzazi, Bi Hidaya, alianza kumwita kaka. Watoto wa marehemu, wengine wamemzidi umri, wakamwita baba. Kesi za mashamba zikawa zake, na mahari za wapwa zikawa zake.

Basi alipofungua ile kompyuta akakuta barua pepe arobaini na kitu hazijajibiwa, ya juu kabisa ikiuliza, Abdulatif, uko wapi, programu yako imegoma, unadhani Sufiani alifanya nini? Aliingia kwenye seva kwa ufunguo wa mjomba, akairekebisha programu, akajibu, akaweka sahihi: Abdulatif. Angeweka ya nani? Mwizi hujua anaiba. Huyu alikuwa anatimiza wajibu, na aliutimiza miaka mitatu bila kuchelewa hata mara moja.

Mpaka lilipokuja tangazo.

Wasimamizi wa seva waliandika kwamba wahuni wameingia kwa kutumia akaunti ya mwanachama aliyefariki, wakapenyeza uchafu ndani ya kazi za watu. Kwa hiyo kila mwenye akaunti athibitishwe upya, uso kwa uso na mwenzake, kitambulisho mkononi, ndani ya siku ishirini na moja. Asiyethibitishwa atafungiwa. Atakayegundulika si yeye, kazi zake zote zitang'olewa na jina lake litatangazwa.

Sufiani alisoma mara tatu. Akaunti ya marehemu. Hapo ndipo alipojua kuwa alichokifanya kina jina, na jina lenyewe ni uhalifu. Jasho lilimtoka, na Matombo siku hiyo ilikuwa baridi.

Kesho yake ikaja barua nyingine, hii kwa Kiswahili, kutoka kwa Bernadeta wa Moshi. Huyu mama walikuwa wameonana na mjomba mara moja, kwenye mkutano Dar, na tangu hapo wakaandikiana kama ndugu. Aliandika kwa furaha: kaka Abdul, nimeomba mimi ndiye nikuthibitishe, miaka tisa sijakuona, Jumamosi nakuja mwenyewe na sitaki kusikia habari za gharama.

Jamani, hofu ina akili mbaya. Siku ya kwanza Sufiani alifikiri kumwandikia kwamba ana homa. Siku ya pili akatoa kitambulisho cha mjomba kwenye kopo la karafuu, akasimama mbele ya kioo cha Yasmin, akakunja paji la uso, akajaribu kuzeeka. Pua ni ile ile, lakini miaka thelathini haikunjiki kwa paji. Siku ya tatu aliteremka kwa mwalimu Bonifasi, jirani, akamuuliza kama kwa mzaha, mtu akitumia jina la mwingine mtandaoni inakuwaje. Mwalimu, bila kuinua macho kwenye madaftari, akamwambia sheria ipo na jela ipo. Sufiani alirudi nyumbani akaificha kompyuta ndani ya pipa la mahindi. Mwanawe akimwita kwa ghafla, anaruka.

Ijumaa alimweleza mama yake yote. Bi Hidaya alimsikiliza huku anamenya ndizi, akashangaa kweli kweli.

"Mgeni wa Abdulatif anakuja, na Abdulatif yupo," alisema. "Unaogopa nini, kaka?"

Mama yake hakuwa amekosea, na yule mgeni naye asingekuwa amekosea, na yeye ndiye angesimama katikati yao.

Jumamosi bodaboda ilisikika ikihema mlimani kabla hata ya saa nne. Bernadeta alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, amebeba mfuko wa mchele wa zawadi. Alimwamkia Bi Hidaya shikamoo, akamsalimu Sufiani bila kumtazama sana, macho yake yakawa yanatafuta mlangoni nyuma yao. Akasema amemfuata kaka yake Abdulatif.

"Si huyo hapo?" Bi Hidaya akamwonyesha.

Bernadeta alicheka, akadhani ni utani wa wenyeji. Akacheka tena kidogo. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Maneno yote aliyoyapanga Sufiani yalikuwa yameyeyuka. Akasema tu, "Mjomba alifariki. Miaka mitatu sasa. Mimi nilipewa jina lake."

Bernadeta alikaa chini kwenye kizingiti, mfuko wa mchele mapajani. Waliomwona wanasema hakulia. Aliuliza alifariki lini hasa, akatajiwa tarehe, akaonekana anahesabu. Sufiani alijua anachohesabu, na hofu ya jela ikamtoka yote, ikaingia nyingine mbaya zaidi. Kwa sababu mwaka jana, mwezi wa sita, mama huyu alifiwa na mwanawe wa pekee, na aliyeandikiwa barua ndefu ya msiba huo alikuwa kaka Abdul.

"Nani alinijibu?" aliuliza.

"Mimi."

"Uliniambia nisiguse kazi mwezi mzima, utaibeba wewe."

"Niliibeba."

"Unajua mwanangu aliitwaje," alisema taratibu. "Unajua alikufaje, na neno lake la mwisho unalijua. Na mimi jina lako sijaambiwa mpaka sasa hivi."

Akamtajia: Sufiani. Lilimtoka kwa shida, maana miaka mitatu hakuna mkubwa aliyemwita hivyo.

Bi Hidaya alijaribu kumfafanulia mgeni mambo ya ukoo, na Bernadeta alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akasema anaelewa, mama, na haoni kuwa huyu ni mwizi. Lakini mlango ukishafunguka kwa jina la marehemu, walioko ndani watajuaje ni mpwa anayeingia au ni jambazi? Aliomba kompyuta. Sufiani aliichomoa kwenye mahindi, akaipangusa kwa shati lake, akampa. Bernadeta aliwaandikia wasimamizi pale pale kibarazani kwamba Abdulatif hayupo tena duniani, akaeleza nani alikuwa akifanya kazi yake na kwa nini, hakupunguza wala hakuongeza. Alimsomea Sufiani kabla ya kutuma.

Haikupita nusu saa. Sufiani alijaribu kuingia kwenye seva, ikamjibu hana ruhusa. Kazi yake ya miaka mitatu iliwekwa kando yote, ikaguliwe mstari kwa mstari na watu wengine. Wasimamizi wakasema anaweza kuomba upya kwa jina lake, aanzie chini kama kila mtu, akiwa na mdhamini. Sufiani alimtazama Bernadeta.

"Si mimi," Bernadeta alisema. "Nitakuombea kwa Mungu, lakini kukudhamini siwezi."

Chakula alikataa, maji akanywa. Akaomba aonyeshwe kaburi.

Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, limezungushiwa mawe. Sufiani alimtangulia, akasimama pembeni. Bernadeta alivua viatu, akachuchumaa, akafuta majani kwa kiganja.

"Kaka Abdul, ni mimi Bernadeta," alianza. "Nina habari sijakwambia."

Akamsimulia. Kikohozi kilivyoanza, safari za hospitali, daktari aliyesema nendeni nyumbani, asubuhi ile kijana alipoomba uji. Yalikuwa maneno ya ile barua, karibu yale yale, na Sufiani aliyajua kwa moyo. Alijua wapi sauti itakatika kabla haijakatika. Jibu alilompa mwaka jana lilimpanda mpaka kwenye ulimi, lote, neno kwa neno, na alilimeza kwa sababu si yeye aliyekuwa akiambiwa.

Bernadeta alipofika mwisho alinyamaza, akiwa bado amechuchumaa, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayengoja kujibiwa. Alingoja sana. Hakuna aliyemjibu.