Ukungu Nyuma ya Mkeka

Enzi za Mjerumani, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya Morogoro, Anastasia aliolewa na fundi mwashi aitwaye Kasiani. Kasiani alijifunzia kazi misheni, naye akamjengea mkewe nyumba ya mawe, ya kwanza kijijini isiyokuwa ya mzungu. Anastasia aliipenda mno. Kila alipopita alizigusa kuta kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Masika ya mwaka uliofuata mvua haikukatika. Mawingu yaliingia mlangoni yakakaa ndani. Mama mkwe wa Anastasia, Bibi Rosa, aliyeishi nao, akaanza kukohoa. Cha ajabu, akienda kushinda shambani kikohozi kilimwacha; akirudi kulala, kikamrudia.

"Ni uzee tu," alisema Kasiani.

Ila kila Anastasia alipojinyoosha kidogo mchana, pua ilimletea harufu ya majani yaliyooza, naye akaota anatembea chini ya ardhi, gizani, bila hofu. Siku moja aliamka akaifuata ile harufu, usingizi ungali machoni. Alinusa ukuta taratibu, jiwe kwa jiwe, mpaka nyuma ya kitanda cha Bibi Rosa. Pale palikuwa pametundikwa mkeka. Akauvuta.

Ukuta ulikuwa umeota ukungu, mweusi na kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Alipoukwangua, vumbi lilimkaba, akakohoa kikohozi kile kile cha mkwewe.

"Mama, kuanzia leo hulali humu," alisema.

Kasiani alifukua sakafu chini ya ukuta. Maji baridi, maangavu, yakachomoza kati ya vidole vyake. Alikuwa amejenga juu ya chemchemi. Alichutama pale, kisha akasema, "Nikiiziba, itatokea kwingine."

"Basi usiizibe, mume wangu," Anastasia alijibu, machozi yakimtoka.

Waliezua paa wenyewe, wakahamia kwenye nyumba ya miti na udongo juu kidogo, penye ardhi kavu. Kabla ya mavuno Bibi Rosa alikuwa akilala hadi kunakucha bila kukohoa. Kuta za mawe ziliachiwa jua na mvua. Wanawake wakaanza kuja kuteka maji katikati ya kile kilichokuwa chumba, na asubuhi Anastasia alisimama nao humo, wakizungumza polepole, kila mmoja akingoja mtungi wake ujae.