Vidole vya Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa na vidole laini kuliko sakafu ya benki. Wala haukuwa ulaini wa mafuta ya kupaka. Ulikuwa ulaini wa moto. Tangu aingie nchi ile ya ugenini akiwa msichana, kazi yake ilikuwa moja tu: kunyoosha nguo kwenye duka la dobi. Nguo alizozinyoosha, ukizifunga mkono kwa mkono, zingefika mwezini na ikabaki suruali ya kushukia. Wapo wanaosema hata ndoa zilizokunjamana zilipita mezani kwake zikatoka zimenyooka. Hapo pana chumvi. Lakini vidole ni kweli tupu.

Ujue, wapiga pasi wa duka lile hawakuamini kile kitufe cha joto. Walilowesha vidole ulimini, wakagusa tako la pasi, wakasikiliza. Ikinong'ona, leta hariri. Ikipiga kelele, leta jinzi. Mama Pasi aligusa hivyo kutwa nzima, mwaka kwa mwaka, na ngozi ikawa haina hata mstari.

Halafu dada yake mkubwa, huko walikozaliwa, akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukagoma kazi. Na huyu hakuwa dada wa salamu za mbali. Ndiye aliyemlea Mama Pasi mama yao alipofariki, hata akamfukuza mchumba wake mwenyewe kwa sababu bwana yule hakutaka mke mwenye mdogo wa kulea. Hakupata mwingine, wala mtoto. Sasa alikuwa analishwa kijiko na jirani mwenye haraka zake.

Mama Pasi alikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Kadi ile ilimruhusu kuishi, kufanya kazi na kuzeekea pale alipo, karibu na binti yake na wajukuu. Ila ilikuwa na kamba yake: ukikaa nje ya nchi zaidi ya mwaka, unahesabiwa umehama, na kadi imekufa. Raia hana kamba hiyo. Na daktari wa dada alishasema ugonjwa ule si wa kuisha kwa mwaka. Kumleta dada huku ndiyo usiseme, mtu hata kwenye kiti hakai.

"Naomba uraia," alimwambia binti yake. "Nikiupata nakwenda kukaa na dada mpaka mmoja wetu achoke, kisha narudi kwa wajukuu wangu bila kumbembeleza mtu mlangoni."

Ofisini wakamweka mbele ya mashine ya alama za vidole.

"Bonyeza, mama," akasema afisa, binti mwenye miwani.

"Nimebonyeza."

"Bonyeza zaidi."

"Nikizidi hapa, mwanangu, nitatokea upande wa pili."

Kwenye kioo vikaonekana viduara vyeupe, kama mayai kwenye trei. Afisa akapangusa, akabadilisha mashine, akamrudisha siku nyingine na nyingine tena. Bila alama hawakuweza kujua kama ana makosa polisi.

"Kwa mashine hii, mama, wewe hujawahi kushika kitu chochote duniani."

"Kumbe! Na mimi nimeupoteza ujana wangu kwenye mashati, ningekuwa tajiri wa wizi."

Alicheka peke yake. Baada ya muda jibu likaja: ombi limekataliwa.

Basi mwanamke akaingiwa na hofu. Alijua kabisa kwamba aliyekataliwa uraia amekataliwa mzima mzima, na kadi yake haina kazi tena. Akaificha chini ya kitambaa cha meza ya pasi. Kazini akawa anapita uchochoro wa nyuma. Sare za maafisa wa uhamiaji zilifuliwa palepale dukani, na zilipofika mezani kwake alizipitishia pasi polepole, akiinamia kola na kuiambia, "Mwambie bosi wako mimi sina ubaya na mtu." Mlango wa nyumbani ukigongwa, aliingia kabatini akasimama katikati ya magauni. Siku moja aliyegonga alikuwa mjukuu wake, ametoka shule, akakaa kwenye ngazi mpaka akasinzia.

Hapo binti akamshika mkono. "Mama, twende tukaulize. Siwezi kukutembelea kabatini."

Dirishani walimkuta yuleyule mwenye miwani.

"Hujapoteza kitu, mama. Kunyimwa uraia hakugusi ukaazi wako. Ungekataliwa kwa uhalifu au udanganyifu, hapo tungekuwa na mazungumzo mengine. Wewe ni vidole tu. Vipumzishe, vikisomeka uombe tena."

"Kwa hiyo vile nilivyokuwa ndivyo nilivyo?"

"Vilevile."

"Na ule mwaka?"

"Nao uko palepale."

Binti akamkumbatia, akapiga vigelegele mpaka foleni ikageuka. Mama Pasi akatoka kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haijaungua, ila mlango umefungwa kwa nje.

Dukani, mwenye duka, aliyeitwa Bwana Wanga kwa ugumu wa kola zake, akamhamishia kaunta kupokea nguo. Mikononi glavu nyeupe, ndani mafuta mazito. Kila jioni dada alipiga simu, mdomo umeinamia upande mmoja, utani hata haujayumba.

"Vimeota?"

"Vinachipua."

"Vimwagilie maji! Mimi huku nakauka."

Na kweli vilichipua. Akiviinua dirishani aliona vimistari vyembamba, na akamwonyesha kila mteja, atake asitake. Afisa akampa siku ya kwenda kujaribu mashine.

Asubuhi, siku moja kabla ya siku hiyo, mpiga pasi mpya akaita kutoka nyuma: "Mama, njoo uniangalizie, hii pasi naona kama imezidi!"

Mama Pasi akaenda. Alikuwa anamsema mteja mmoja asiyetoa vitu mifukoni, na huku anasema akaivua glavu kwa meno, akalowesha vidole ulimini, akagusa.

Ngozi ile changa haikuwa imeujua moto. Alipiga ukelele, Bwana Wanga akadondosha rundo zima la mashuka. Alipofungua kiganja, vidole vilikuwa vimevimba malengelenge, vinang'aa.

Jioni simu ikalia.

"Vimeota?"

Angeweza kumpaka maneno matamu. Uongo alikuwa nao wa kutosha. Akamweleza ukweli wote, mpaka na glavu kwenye meno. Dada akacheka mpaka akapaliwa.

"Mdogo wangu, usisubiri tena vidole. Njoo na hivyohivyo."

"Nina mwaka mmoja tu, dada. Lazima nirudi kabla haujaisha."

"Na uishe mimi nikiwa bado sijaisha?"

Mama Pasi akaangalia mkono wake uliofungwa bendeji. Chumba cha pili wajukuu walikuwa wanagombania mto.

"Basi nikija itabidi upone upesi," akasema. "Kwangu huna ruhusa ya kukawia."

"Afisa mkali wewe," akajibu dada.

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.