Saruji Juu ya Kaburi la Babu

Mdogo wangu amekamatwa mara nne, na mara ya nne nimemkamatisha mimi. Nalisema mapema ili nisionekane nazungukazunguka. Watu wa Kibimba wananijua: sina subira, sauti yangu inafika kwa jirani wa tatu, na nikishaamua jambo simuulizi mtu.

Nyumbani kwetu tulilelewa kwa Kirundi. Babu alivuka akiwa kijana, enzi ambazo mpaka ulikuwa bado haujaanza kumuuliza mtu maswali. Wahangaza, wenyeji wa huku, walimpa shamba, akapanda migomba, akaoa, akabatizwa, akazeeka, akafa. Baba alizaliwa hapa. Sisi tulizaliwa hapa, tukasoma hapa, tukachapwa viboko kwa kuongea lugha ya nyumbani darasani. Hata hivyo kila msako wa wahamiaji ukipita, mlango wa kwanza kugongwa ni wetu na wa wenzetu wenye ulimi kama wetu.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaacha kazi na kushika daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu. Alipita nalo nyumba kwa nyumba kwa familia zilizonyimwa vitambulisho, akiandika babu alizikwa wapi, nani alikuwepo, na kaburi lina alama gani. "Vyeti hatuna, dada," aliniambia, "lakini makaburi tunayo." Mimi nilimwambia aoe. Nilimwambia pia kwamba wafu hawajawahi kumtoa mtu rumande, naye akacheka, kwa kuwa wakati huo alikuwa bado hajalala huko.

Mara ya kwanza walimkamatia Nyarubungo, kule Biharamulo, akiwa amekaa na familia kama saba kwenye kibaraza cha kanisa. Wakasema ni mkutano usio na kibali. Wasukuma waliompa malazi walishangaa sana. Wao walifika kutoka Shinyanga na ng'ombe wao wakati sisi tuna wajukuu tayari, na hakuna aliyewahi kuwauliza babu yao kazikwa wapi. Nikaenda kumdhamini, na barua ya mtendaji wa kijiji, picha ndogo mbili na kitambulisho changu, ambacho nilikipata kwa bahati tu. Kila tukiitwa, upelelezi haujakamilika. Tukaitwa hivyo hadi maharage yakavunwa mara mbili, kisha kesi ikafutwa.

Alitoka mlangoni pa mahakama, akashuka ngazi tatu, na kwenye ngazi ya nne walikuwa wamesimama watu wawili wakimngoja. Hiyo ndiyo ikawa mara ya pili: uchochezi. Nayo ilikwenda hivyohivyo, ikafutwa hivyohivyo. Mara ya tatu hawakutafuta neno la mbali. Walisema yeye mwenyewe si raia.

Safari hiyo dhamana ilikataliwa. Akiwa mahabusu akaandika maelezo yake, marefu na ya kimwalimu, akaeleza kwamba babu amezikwa shambani kwetu chini ya umuvumu. Huo ni ule mti ambao zamani gome lake lilipondwa likawa nguo. Kwetu mtu akizikwa, tawi lake hupandwa kichwani pa kaburi siku hiyohiyo, basi, hakuna jiwe wala maandishi. Mti ule ulikuwa mnene kiasi kwamba watu wazima wawili hawakuweza kuukumbatia wakakutana mikono. Na mzee aliyelishika lile tawi siku ya mazishi, akiwa kijana, bado yu hai. Ni jirani yetu Mhangaza. Maafisa wakasema sawa, wiki ijayo tutakuja kuliona hilo kaburi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na haraka zangu.

Nilisimama mbele ya ule mti nikauona kwa macho ya mgeni. Wanakuja watu wa ofisini, na viatu vyao na kamera zao, nawaonyesha nini? Mti? Kaburi gani la Mkristo halina msalaba? Niliona aibu, nasema kweli. Niliona tutachekwa, mdogo wangu atapelekwa ng'ambo ya mpaka kwenye nchi ambako hamjui hata mtu mmoja, kwa sababu tu babu yetu kalala kishamba. Nikamwita fundi kutoka Kanazi aje alijengee kaburi. Fundi akautazama mti akasema mizizi hii itapasua saruji kabla ya Pasaka, heri mti uondoke. Nikasema uondoke. Waliukata siku mbili, wakang'oa na kisiki, wakamwaga saruji juu ya kaburi. Saruji ilipokuwa bado mbichi nilichukua kijiti nikaandika jina la babu na mwaka aliokufa, kama nilivyousikia kwa baba. Nikarudi nyuma nikatazama, nikafurahi. Hata chozi lilinitoka.

Maafisa walifika wakiwa watatu, na jirani yetu mzee nilimwita aje. Mmoja alisoma kwenye karatasi: "Kaburi lipo chini ya mti mkubwa." Akainua macho. "Mti uko wapi, mama?"

Nikasema tumeukata ili pawe pasafi.

Akachuchumaa, akakwangua saruji kwa ufunguo. Ukatoka unga wenye unyevu. Akamtazama mwenzake, mwenzake akapiga picha.

"Shikamoo mzee," yule wa tatu akamwambia jirani yetu. "Huo mti ulikuwepo kweli?"

"Marahaba. Urikuwa hapa hapa," mzee akajibu, na mkono wake ukaonyesha juu, mahali ambapo palikuwa na matawi. "Niripanda mimi na baba yake huyu." Kisha akanigeukia. "Sasa mwanangu, si ungeniuriza?"

Kesi ya tatu ikafutwa, na mimi mjinga nikapiga vigelegele mahakamani. Alipofika ngazi ya nne wakamshika tena. Kutengeneza ushahidi wa uongo: kaburi jipya, mwaka wa kubuni, mti ambao haukuwahi kuwepo. Niliyasikia mashtaka hayo nikiwa nimesimama nyuma yake, nikaona shingo yake inakakamaa. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema mti ulikuwepo, na kwamba umekatwa na watu wasiomtakia mema. Hakugeuka kunitazama. Haikumpitia kichwani kwamba ni mimi.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao nikasema ni mimi. Nilieleza yote, fundi, kisiki, kijiti, hata ile furaha. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kisha akafunga kalamu. "Mama, kila dada humtetea nduguye. Nenda nyumbani." Nikapaza sauti, kama ninavyojua. Askari akanishika kiwiko akanitoa nje. Maisha yangu yote nimesikilizwa hata nikisema upuuzi, na siku hiyo nasema kweli tupu, hakuna aliyeitaka.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Kila Jumamosi nampelekea chakula. Naonja kijiko kimoja mbele ya askari, kisha wanamwita. Jumamosi mbili kabla ya hapo alikuwa amelalamika kwa utani kwamba siku hizi maharage yangu yananuka moshi, nimezeeka hata jiko limenishinda. Nilicheka naye. Sasa nilikaa mbele yake, bakuli likiwa katikati yetu, nikamwambia ni nani aliyeukata umuvumu.

Nilitaka apige kelele. Kelele ningeziweza. Aliutazama ukuta kama mwalimu anayesoma jibu baya la mwanafunzi aliyemtegemea. Nikalia, nikamwambia nilidhani nakusaidia, nilidhani hawataamini mti. Akasema, "Mimi ndiye nilipaswa kukuambia, dada. Makaburi ya watu wote nimeandika, letu sikukueleza." Heri angenitukana.

Askari akasema muda umebaki kidogo. Mdogo wangu akafunua bakuli, akasita.

"Na mti wenyewe? Magogo yalikwenda wapi?"

Magogo yalikuwa nyuma ya jiko langu, yamepasuliwa, yameanikwa, yamebaki nusu. Umuvumu hauna moto mzuri, moshi tu, lakini mimi si mtu wa kutupa kuni.

"Fundi aliyachukua," nikasema.

"Na haya maharage umepikia kuni gani?"

"Mkaratusi."

Aliinama, akayanusa, akayanusa tena. Kisha akachukua kijiko akaanza kula, na hakubakiza hata punje.