Ukingo wa Kijito Kule Kasha

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani. Mvi hizi zilikuwa bado. Parokia ilituomba vijana wa kujitolea tupite kando ya kijito kule Kasha, tuone udongo wake una hali gani.

Aliyetuongoza ni Papa Bahati, agronome, mtaalamu wa kilimo aliyestaafu. Alitufundisha kuchimba kidogo na kutazama kama mizizi bado inaushika udongo. Hatukuona mizizi. Miti ilikuwa imekatwa yote kwa ajili ya makala, mkaa wa kupikia, na maji yamekula ukingo mpaka karibu na nyumba za watu. Nyuma ya jiko la Maman Nsimire, mjane aliyekuwa akiuza ndizi, ardhi ilikuwa imepasuka. Mkono mzima uliingia.

"Maman, hapa hapana kulala tena," Papa Bahati akamwambia.

"Nimesikia, papa. Sasa niende wapi na hawa batoto?"

Mwenzetu mmoja akasema tuendelee, kazi bado ni nyingi. Papa Bahati akamgeukia kwa hasira. "Tuendelee wapi? Unamuambia mutu nyumba yake itaanguka, kisha unamupa mugongo?"

Siku hiyo hiyo Papa Bahati aliwachukua watoto wote wa mjane yule kwake, ingawa nyumba yake ilikuwa ndogo. Maman Nsimire alikuja kula nao, lakini kulala alirudi kwake. Aliogopa wezi wangeng'oa mabati ya nyumba. Tulimsihi sana. Alicheka tu, akasema mvua iko mbali.

Haikuwa mbali. Ilinyesha usiku, na tulipofika hapakuwa na nyumba, matope tu yakiteremka kijitoni. Tulichimba kwa mikono mpaka tukampata. Binti yake mkubwa alitaka kumwona. Papa Bahati akamfunika marehemu kwa koti lake, akalia mbele yetu sote, mzee yule.

Watoto walikulia kwake. Wapo hai, namshukuru Mungu. Ila mama yao hayupo.

Mwanangu, nanyi sasa mnatumwa kwenye vijito. Tazama udongo vizuri, sema ukweli hata ukiuma. Lakini usiishie hapo. Ukimwambia mtu ahame, tafuta pamoja naye pa kulala, na mabati yake yabebeni siku ileile. Sisi tulibeba watoto, tukaacha mabati, naye akabaki kuyalinda.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kutompita mtu, na kila mvua iwakute wa kwako wakiwa salama.