Kipupwe Baada ya Mkubwa

Mkubwa alikufa mwanzoni mwa kipupwe, wiki ile ile niliyoanza kuchimba viazi. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, na hilo la Mkubwa ndilo jina pekee alilowahi kupata kwangu. Mume wangu alimtoa kijijini Songwa akiwa mtoto wa kubebwa kwenye kikapu. Mdogo, jike jeusi lenye miguu myeupe, alikuja miaka mingi baadaye, Mkubwa akiwa tayari ameshaizoea nyumba na kujua kila mgeni wa kubwekewa na wa kuachwa.

Nilimkuta asubuhi amelala ubavu mlangoni mwa zizi. Hakuwa na jeraha, hakuwa na povu. Ni uzee tu. Nilimchimbia mwenyewe kwa jembe, maana mume wangu yuko Rwamgasa kwenye dhahabu, na huja nyumbani dhahabu ikimruhusu. Ardhi ya kwetu miezi hiyo imeshakauka, kila pigo linakurudi mkononi. Mdogo alikaa pembeni akatazama kazi nzima bila kusogea. Nililia, na sioni haya kusema.

Baada ya hapo tukabaki wawili. Watoto wangu wanne wana miji yao, na nyumba ya mtu mmoja wakati wa baridi ina ukimya ambao unakufanya uongee na sufuria. Naamka, najifunga kanga mbili juu ya sweta la mume wangu, nasubiri jua likaze kidogo, ndipo naanza michembe. Unamenya viazi vitamu, unavikata vipande vyembamba, unavianika juu ya jabali nyuma ya nyumba hadi vikauke, na mwaka mzima una akiba ya kupika. Mimi nakata, Mdogo analinda. Mbuzi wa jirani wanamjua. Kuku wangu mwenyewe wanamjua zaidi. Na katika kulinda kote huko sijawahi kumwona akichukua hata kipande kimoja, jambo ambalo siwezi kumsifia yeyote kati ya wale niliowazaa.

Lakini alikuwa hali.

Siku ya kwanza sikushangaa. Hata mimi chakula hakikupita. Ya pili niliongeza dagaa juu ya ugali wake. Aliusogelea akaunusa, akakaa hatua moja nyuma ya sinia, basi. Alikaa mpaka ugali ukakauka. Siku ya tatu nikamwita bwana mifugo, akamfungua mdomo, akambinya tumbo, akampa dawa ya minyoo na kuniambia nivute subira. Subira sina, na wanaonijua wanajua. Siku ya nne mbavu zilikuwa zinahesabika, na nikamgombeza. Nilimwambia kama anataka kumfuata mwenzake amfuate, aniache na viazi vyangu. Kisha nikaingia jikoni nikajifuta macho kwa kanga, kwa sababu kweli niliogopa. Niliogopa nitashika lile jembe mara ya pili kabla michembe ya kwanza haijakauka.

Siku ya tano mama mkwe wangu alikuja kunisaidia kukata. Ni mwanamke mdogo wa umbo, ana mkongojo asiouhitaji, na kisu chake cha viazi anakuja nacho mwenyewe kwa sababu vyangu anaviita vijiko.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Huyu mbwa mbona kama ufagio?”

Nikamweleza yote, dagaa na dawa na bwana mifugo. Akaendelea kukata. Mchana ulipofika nikaweka sinia mahali pake, na Mdogo akaja kukaa hatua ile ile moja nyuma. Mama mkwe akaacha kukata, akamtazama kwa muda mrefu kuliko bwana mifugo.

“Mgonjwa hadondoshi mate,” akasema. “Mwangalie mdomo.”

Ni kweli, mate yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye miguu yake myeupe.

“Huyu ana njaa, ng’wanone, mwanangu. Nani alikuwa anaanza kula?”

“Mkubwa.”

“Sasa je? Wewe ulipoolewa kwangu, uliwahi kutia mkono kwenye ugali kabla yangu?”

Sikuwahi. Mwaka wangu wa kwanza pale kwake kuna siku alichelewa kurudi kutoka msibani, na mimi, mwenye mimba na njaa ya watu wawili, nilikaa mbele ya ugali unaopoa nikimeza mate mpaka aliporudi akamega. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo sote tulivyolelewa huku. Hapo ndipo picha iliponijia. Miaka yote hiyo sinia lilikuwa moja. Mkubwa anakula nusu, anajilamba, anaondoka zake bila kugeuka. Mdogo anasogea. Sijawahi kusikia mngurumo hata mmoja kati yao. Watoto wangu mimi niliwachapa kwa ajili ya finyango moja ya nyama, na hawa, ambao hakuna aliyewafundisha chochote, walikuwa wakila kwa heshima pale miguuni pangu nami nakwepesha macho nikiwaza viazi. Niliona aibu.

“Basi mwanzie,” mama mkwe akasema.

“Mimi?”

“Unataka nianze mimi na umri huu?”

Nikachuchumaa. Nikamega tonge kwenye sinia la mbwa, nikalitafuna Mdogo akinitazama usoni, nikasimama nikarudi nyuma. Akasogea. Alikula taratibu mwanzoni, kisha akala sana, na sinia likawa linagonga jiwe. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia hili atalipeleka kanisani. Akalipeleka kweli.

Tangu hapo kila mchana nilimwanzia. Tonge moja, natafuna, narudi nyuma, anakula. Mume wangu akipiga simu anauliza kwanza kama nimeshakula na mwenzangu, na nasikia wachimbaji wenzake wakicheka huko nyuma. Wacheke. Mbavu zilifunikwa tena, na alirudi kuwakimbiza mbuzi kwa nguvu zake zote.

Wiki ya tatu, siku moja yenye upepo mwingi, niliweka sinia nikainama kumega. Mdogo akanipita. Aliingiza mdomo kabla yangu, bila kunitazama, na nikakasirika kidogo; baada ya adabu yote ile, leo hii? Nikasimama mikono kiunoni. Alikula mpaka nusu. Akaacha. Akajilamba, akarudi hatua moja, akakaa.

Nikamwambia amalize. Nikamwambia hakuna aliye nyuma yake. Jogoo akaja kudonoa, Mdogo akamfukuza, akarudi kukaa pale pale. Nikaingia ndani nikadhani nikiondoka atakula. Nilipochungulia dirishani alikuwa bado amekaa karibu na ile nusu, anaitazama, na macho yakihama ni kuutazama mlango nilioingilia.

Nikatoka. Nikakaa chini kabisa, kwenye vumbi, nikamega upande ambao hakuugusa. Alisubiri mpaka nikameza, kisha akainuka akaenda zake jabalini.